Ukumbi wa kwata wa Park Avenue: ngome isiyo ngome

Kati ya Mtaa wa 66 na wa 67, kwenye Park Avenue mjini New York, lipo jengo la matofali mekundu lenye minara na madirisha membamba. Lilikuwa makao ya Kikosi cha Saba cha wanamgambo wa jimbo hilo, na nyuma yake umeungana nalo ukumbi mkubwa wa kuchezea kwata.

Dhana: ni ngome ya kuukinga mji dhidi ya adui wa nje.

Hii ndiyo inayosikika zaidi, na sura ya jengo inaichochea. Lakini jiwe la msingi liliwekwa 1877, na waliowanyima usingizi matajiri wa New York wakati huo walikuwa watu wa mji wao wenyewe. Mei 1849 kikosi hiki hiki kiliufyatulia risasi umati pale Astor Place, katika ghasia zilizochochewa na ushindani wa waigizaji wawili wa tamthilia za Shakespeare (naam, waigizaji), na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, kilirudishwa mjini kuzima ghasia za waliopinga kuandikishwa jeshini kwa lazima. Kisha Julai 1877 ukazuka mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli, uliosambaa jimbo baada ya jimbo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema mgomo huo ndio uliozaa jengo. Hapana. Kikosi kilikuwa kikililia makao mapya tangu kabla, kwa sababu yale ya zamani, juu ya soko la Tompkins, hayakukitosha. Mgomo ulifanya jambo moja tu: uliwalegeza wenye fedha mikono.

Dhana: serikali ndiyo iliyolijenga.

Mji ulitoa kiwanja. Fedha za ujenzi zilichangwa kwa sehemu kubwa na wanakikosi na marafiki zao, na hao hawakuwa watu wa kubabaisha: familia za Vanderbilt na Roosevelt zilikuwa na vijana wao humo. Hata msanifu wake, Charles W. Clinton, aliwahi kukitumikia kikosi hicho. Ndiyo maana anayetarajia kukuta vyumba vikavu vya kambi atashangaa. Chumba cha maveterani na maktaba vilipambwa na msanii wa mapambo Louis Comfort Tiffany na wenzake, akiwemo msanifu majengo Stanford White aliyekuwa bado kijana, kwa mbao za kuchongwa, vioo vya rangi na chuma kilichofuliwa kwa ustadi. Kwa maoni yangu ilikuwa klabu ya mabwana iliyokuwa na bunduki.

Dhana: minara na kuta nene ndizo zinazobeba kila kitu.

Mnara mrefu wa katikati uliondolewa mwanzoni mwa karne ya 20 na jengo halikutikisika. Uhandisi wa kweli uko nyuma, ndani ya ukumbi, wenye takriban mita za mraba 5,100 na kimo cha karibu mita 24. Paa lake limebebwa na matao ya chuma yanayoruka kutoka ubavu hadi ubavu bila nguzo hata moja katikati. Ufundi huo ulitoka kwenye stesheni za treni, hasa Grand Central Depot iliyofunguliwa 1871. Sababu yake ilikuwa ya kijeshi kabisa: safu ya askari inapogeuka kwa pamoja huhitaji uwanja mtupu, na nguzo moja tu ingeivunja. Uwazi huohuo ndio uliowafaa wachezaji wa tenisi, walioshindania humo ubingwa wa Marekani wa ndani ya ukumbi kwa miongo kadhaa.

Dhana: kumbi zote za namna hii ni kasri bandia.

Ule wa Kikosi cha 69, kwenye Lexington Avenue, uliojengwa 1904 hadi 1906, uliachana na mtindo huo. Humo ndimo yalimofanyika maonyesho ya sanaa ya 1913 yaliyowashtua Wamarekani kwa kazi za akina Marcel Duchamp.

Dhana: jengo la Park Avenue sasa ni makumbusho ya jeshi.

Mwaka 2000 liliingizwa katika orodha ya dunia ya majengo ya kihistoria yaliyo hatarini. Tangu 2006 linaendeshwa na shirika lisilo la faida, na pale kwenye uwanja wa kwata sasa hupigwa muziki, huchezwa tamthilia na husimikwa kazi kubwa za sanaa zisizoenea katika kumbi za kawaida.