Kompyuta haikuchora peke yake

Ukimwonyesha mtu picha uliyoizalisha kwa programu, huuliza hata kabla hajaitazama vizuri: "Kwani si kompyuta ndiyo iliyochora?" Swali hilo hubeba dhana kadhaa kwa mpigo, na baadhi yake hata sisi tunaocheza na picha kila siku tumezimeza bila kutafuna.

"Haya mambo yameletwa na akili mnemba"

Yalianza enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba. Februari 1965 Georg Nees alionyesha michoro yake ya kompyuta mjini Stuttgart, Ujerumani. Aprili A. Michael Noll akaonyesha yake New York, na Novemba Frieder Nake akafuata, Stuttgart hukohuko. Walichokiandika hakikuwa picha, zilikuwa kanuni: chora mstari, geuza pembe kwa kiasi fulani, rudia. Plota, kwa kawaida mashine inayoburuta kalamu juu ya karatasi, ikatii. Vera Molnár, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Paris, alianza kutumia kompyuta mwaka 1968, lakini kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akifuata kanuni za aina hiyo kwa mkono, akijifanya yeye ndiye mashine. Sanaa zalishi ndiyo hiyo: msanii hutunga utaratibu, utaratibu huzaa picha. Akili mnemba ni mjukuu katika ukoo huu.

"Picha halisi ni ile isiyoguswa"

Haipo. Katika kamera nyingi kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, chenyewe hakitofautishi rangi. Kila nukta yake imefunikwa kichujio kimoja tu, chekundu, kijani au buluu. Nusu ya nukta ni za kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, inahitaji namba tatu, moja kwa kila rangi, na kihisi kimepima moja, kwa hiyo theluthi mbili za namba za rangi zimekadiriwa kwa kuangalia majirani. Kisha kamera hupunguza chengachenga, hunoa kingo, hurekebisha weupe, ndipo inakukabidhi faili la picha la JPEG. Anayejivunia kwamba hajahariri picha yake amemwachia mhandisi asiyemjua amharirie. Si kosa, ila mpaka kati ya "picha" na "kazi ya kompyuta" haupo pale watu wanapouweka.

"Picha ya kuharibika ni kubahatisha tu"

Hapa, kwenye picha zinazovurugwa kwa makusudi, ndipo ninapogombana na watu. Mchezo mmoja unaopendwa ni kupanga pikseli: programu husoma picha mstari kwa mstari na kuzipanga pikseli kuanzia yenye giza hadi yenye mwanga. Nilipojaribu mara ya kwanza niliupanga kila mstari mzimamzima. Uso niliokuwa nimeupiga ukageuka pazia: giza kushoto, mwanga kulia, hakuna jicho wala pua. Siri ni kuweka mipaka. Katika kipimo cha mwanga cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), unaiambia programu iguse pikseli zenye mwanga kati ya, tuseme, 80 na 200, na nyingine zikae zilipo. Hapo nywele na macho hubaki, mashavu hutiririka kama rangi iliyonyeshewa. Sogeza ile 80 hadi 120 na unapata picha nyingine kabisa. Jioni nzima huishia kwenye namba hizo mbili.

Kuvunja faili nako kuna kanuni zake. Fungua nakala ya JPEG (nakala, tafadhali, si picha yenyewe) kwa programu inayoonyesha baiti, yaani namba zinazounda faili, mojamoja. Ukigusa mwanzo, palipo na maelezo ya faili, huenda lisifunguke kabisa. Ukibadilisha baiti moja katikati, mara nyingi sehemu ya juu hubaki salama, na kuanzia hapo kushuka chini rangi hubadilika na vipande huhama. Sababu ni kwamba JPEG huikata picha kwa viraka vya pikseli 8 kwa 8, na wastani wa mwanga wa kiraka huandikwa kama tofauti yake na kiraka kilichotangulia. Kosa la mmoja hurithiwa na wanaofuata. Ukilijua hilo, wewe ndiye unayeamua urithi uanzie wapi.

Na kwa kuwa JPEG imetajwa: kuifungua na kuitazama mara elfu hakuipunguzii kitu. Kuihariri na kuihifadhi upya ndiko kunakoila, kidogo kidogo.

"Lazima uwe bingwa wa hesabu"

Hapana. Processing, programu ya bure, ilianzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry wakiwa chuo cha MIT, Marekani, ikiwalenga wasanii na wabunifu. Mistari michache ya maagizo inatosha kufanya duara lifuate kipanya. Hesabu utazifuata mwenyewe siku utakapotaka duara hilo liyumbe.

"Nasibu ni bahati nasibu"

Kompyuta hairushi dadu. Namba zake za nasibu kwa kawaida hutoka kwenye fomula inayoanzia namba moja iitwayo mbegu. Mbegu ileile, programu ileile, picha ileile hadi pikseli ya mwisho. Tena nasibu tupu haipendezi: ipe kila pikseli mwanga wowote na utapata zile chengachenga za televisheni iliyopoteza mawimbi. Miaka ya 1980 Ken Perlin alitunga njia ya kuzifanya namba zilizo jirani zifanane, zipande na kushuka taratibu, na ghafla kompyuta ikaweza kutoa mawingu, moshi na mishipa ya marumaru. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya ufundi ya Oscar mwaka 1997.

Usiku mmoja nilipata mawingu ya aina hiyo, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatoa, kwenye dirisha dogo la majaribio. Nikalifunga nikidhani nitayarudia. Mbegu ilichaguliwa na saa ya kompyuta na sikuiandika popote. Mbegu za biti 32, yaani zinazoandikwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1, ni zaidi ya bilioni 4. Siku hizi kila faili langu linaanza jina kwa namba ya mbegu yake, hata yale mabaya.