Kabla ya Kununua Sola, Leta Daftari la Kuni

Wenye viwanda wanaotaka kutimiza malengo yao ya tabianchi hunijia na bei ya paneli mkononi. Mimi huomba kwanza bili za umeme za miezi 12, risiti za dizeli ya jenereta na, kwa viwanda vya chai, daftari la kuni, yaani kumbukumbu ya kuni zinazochomwa. Daftari hilo ndilo husahaulika, na mara nyingi ndilo lenye jibu.

Umeme wa gridi ya Kenya, takriban asilimia 90, tayari unatokana na vyanzo jadidifu, yaani vinavyojirudisha visiishe: jotoardhi ya Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, mitambo 365 ya upepo kule Marsabit yenye uwezo wa megawati 310. Kwa hiyo hewa ukaa iliyomo katika kila uniti ni kidogo. Lakini majani ya chai hunyaushwa na kukaushwa kwa joto, na joto hilo hutoka kwenye boila inayokula kuni usiku na mchana. Paneli za paani haziligusi. Kiwanda cha namna hiyo kitapunguza hewa ukaa zaidi kikikausha kuni vizuri kabla ya kuzichoma, kikiziba mabomba yanayovuja mvuke, na kikipanda miti inayotosheleza ile inayokatwa. Kuni za msitu usiopandwa upya siwezi kuziita nishati jadidifu, hata zikiwa rahisi kiasi gani. Walio karibu na jotoardhi wana bahati: shamba la maua la Oserian, Naivasha, limepasha joto vitalu vyake kwa mvuke wa ardhini.

Simaanishi sola haifai. Inafaa sana pale kazi inapofanyika mchana na jenereta inapowashwa kila umeme ukikatika. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na wanafunzi husoma jua likiwaka. Umeme wa ziada nao una njia: Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuurudisha kwenye gridi, na kanuni zake zikatoka 2024.

Kuna jambo linalowaponza hata makini. Cheti kimoja cha nishati jadidifu huwakilisha megawati-saa 1, na anayekishika ndiye mwenye haki ya kusema ametumia umeme ule. Ukiuza vyeti vya sola iliyo juu ya paa lako, umeuza na haki hiyo; ukiendelea kuitangaza, uniti moja inahesabiwa na watu wawili. Kampuni nyingi hazinunui paneli, huwekewa na mwekezaji na kumlipa kwa kila uniti. Katika mkataba huo tafuta kipengele kinachosema vyeti ni vya nani. Kisipokuwemo, kidai kiandikwe kabla hujatia sahihi.