Theluji haichorwi kwa rangi nyeupe

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mtu mzima ambaye amekwisha kununua karatasi nzuri: "Mwalimu, rangi nyeupe ya maji naipata duka gani hapa Mwanza? Nataka kuchora theluji." Kila watu wanapoanza kutengeneza kadi za Krismasi swali ni hilohilo, na kila mara naumia kuona mtu akitafuta pesa ya kununua kitu kitakachomharibia kazi.

Weupe wa picha ya rangi za maji ni karatasi yenyewe. Rangi hii inapitisha mwanga: unapenya, unagonga karatasi, unarudi machoni. Rangi nyeupe inaziba njia hiyo. Ukiichanganya na buluu, mchanganyiko unakuwa mzito na mfu. Ukiipaka peke yake, inang'aa ikiwa mbichi, kisha inafifia ikikauka, na karatasi iliyo kando yake inaishinda kwa weupe. Winsor & Newton, kampuni ya Uingereza ya kutengeneza rangi, walianza kuuza nyeupe yao ya zinki mwaka 1834, nayo ina kazi zake. Mchoraji Mmarekani John Singer Sargent alitumia nyeupe nzito kwa miguso ya mwanga, na hakuna anayemlaumu. Lakini kugusa ni jambo moja, kufunika uwanja mzima ni jingine.

Sasa nije kwa wale walioelewa nusu, maana hao ndio wanaonichosha zaidi. Wameambiwa waache karatasi, basi wanaiacha yote. Wanachora mti, wanachora nyumba, na chini yake pote hawagusi kitu. Hiyo si theluji, ni kazi ambayo haijaisha. Theluji tunaiona kwa vivuli vyake. Karatasi tupu ibaki pale tu jua linapopiga moja kwa moja, na hata hapo, jua likiwa chini, paka kwanza rangi ya njano iliyozimuliwa sana, isiyokolea kuliko chai nyepesi.

Vivuli vyenyewe vina rangi ya buluu kwa sababu jua halivifikii. Kinachoviangaza ni anga, na anga ya siku ya jua ni buluu. Hakuna uchawi wa nchi za baridi hapo. Tena ni virefu: London, tarehe 21 Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya takriban nyuzi 15, kwa hiyo mti unalaza kivuli kinachokaribia mara 4 ya urefu wake. Sisi adhuhuri tunakanyaga vivuli vyetu wenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi wa hapa anachora theluji yenye vivuli vifupi chini ya miti na hajui kwa nini picha yake inanuka joto.

Lakini jua la nyuzi 15 tunalo kila siku. Nenda Capri Point, kwenye majabali ya ziwani hapa Mwanza, saa mbili kasorobo asubuhi, au saa kumi na mbili kasorobo jioni, utandaze shuka jeupe juu ya jabali, ulikunjekunje. Kunja ngumi ibaki tundu dogo, chungulia kivuli cha shuka peke yake, kisha hamishia jicho kwenye sehemu yenye jua. Buluu utaiona. Hata majabali ya ziwani yaliyopakwa weupe na kinyesi cha ndege wa minandi yanakufundisha jambo hilohilo, bila gharama.

Buluu kiasi gani? Hapa vitabu vinatoa vipimo kwa uhakika ambao mimi sina. Siku ya mawingu buluu inapotea, kivuli kinakuwa kijivu na kingo zake zinayeyuka. Kamera nayo mara nyingi inaongeza buluu, kwa hiyo anayenakili picha ya simu ananakili uamuzi wa kamera. Mimi huanza na buluu ya kobalti, au buluu ya ultramarini yenye tone la siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu, na huichanganya iwe nzito kuliko ninavyotaka, kwa sababu rangi ya maji ikikauka inapauka. Paka mara moja, uache. Ukirudia rudia, kivuli kinakuwa tope.

Angalia na kingo. Kivuli cha mti kilicholala juu ya theluji kina ukingo mkali karibu na shina, kisha kinalainika kadiri kinavyokwenda mbali, na kinapanda na kushuka na ardhi. Kivuli cha mwinuko wa theluji wenyewe hakina ukingo kabisa: paka, suuza brashi, ikaushe kidogo, pitisha pembeni rangi iyeyuke.

Kuna jambo linalonisumbua. Mwanga tunaweza kujifunza hapa Mwanza. Namna theluji inavyolala juu ya tawi, inavyorundikwa na upepo upande mmoja wa ukuta, hilo nalifundisha kwa picha, na sijaridhika kwamba linatosha.

Mengine kwa haraka. Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza. Chumvi ya kunyunyizia inatoa madoa mazuri kama rangi bado inameremeta kidogo, lakini kila karatasi ina tabia yake, jaribu kwanza kwenye kipande. Na miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa ziwa unakausha karatasi kabla hujalainisha ukingo, basi lowesha upande wa nyuma pia kabla ya kuanza, na fanya kazi ndani, dirisha limefungwa.