Kongamano la hifadhidata ni nini?

Hapa Nairobi ukitaja kongamano, watu huona ukumbi wa KICC, kitambulisho kinachoning'inia shingoni, chai ya saa nne na mgeni wa heshima aliyechelewa. Kijana wa kompyuta akimwambia mamake kwamba makala yake imekubaliwa kwenye kongamano, mama huuliza kwanza, "Na posho ni ngapi?" Hakuna posho, mama. Kiingilio hulipwa na anayehudhuria, na si kidogo.

Kongamano la hifadhidata ni mkutano wa watafiti wanaochunguza namna ya kuweka data kwenye kompyuta, kuipata upesi na kuilinda isivurugike. Miezi kadhaa kabla, mtafiti hutuma makala, wahakiki wakaichambua mstari kwa mstari. Nyingi hukataliwa. Katika taaluma nyingine jarida ndilo lenye uzito. Kwa watu wa kompyuta, kupita kwenye kongamano kubwa kunatosha kumpa mtu jina.

Yanayotajwa sana ni SIGMOD na VLDB, yote yakihesabiwa tangu 1975, kisha ICDE lililoanza 1984. Herufi VLDB maana yake ni hifadhidata kubwa mno. Kubwa kwa mizani ya 1975, bila shaka.

Mara nyingine hapo ndipo ugomvi huamuliwa. Mwaka 1974, kwenye warsha iliyoitangulia SIGMOD mjini Ann Arbor, Marekani, wataalamu wawili wa hifadhidata, Charles Bachman na Edgar Codd, walibishana mbele ya wenzao. Kwa Bachman, mwandishi wa programu alipaswa kuifuata data njia kwa njia, rekodi moja hadi nyingine. Codd alitaka data ipangwe kwenye majedwali, mtu aseme tu anachotaka na mashine ijitafutie njia. Warsha hiyohiyo ndiyo iliyosikia kuhusu SEQUEL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, ambayo leo tunaiita SQL. Majedwali ya Codd ndiyo yaliyotamba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1981. VLDB ilikuwa Cannes, Ufaransa, na mtafiti Jim Gray akawasilisha makala kuhusu muamala: kazi inayofanyika yote au isifanyike kabisa. Fikiria uko Gikomba, umemtumia muuza viatu shilingi 800 kwa simu, na katikati mtambo ukazima. Pesa zikitoka kwako bila kufika kwake, hapo pana vita. Kanuni ya muamala inasema zirudi kwako kana kwamba hukubonyeza chochote.

Makala za VLDB husomwa bure mtandaoni, kwa hiyo mwanafunzi wa Nairobi aliyekosa nauli au viza hajakosa hoja. Amekosa wakati wa chai, ambapo mhakiki aliyekataa makala yako mwaka jana, bila wewe kujua ni yeye, anakueleza kwa upole ungeirekebisha vipi.