Nani amepata upanga? Ndani ya seva ya mchezo wa maandishi

Wachezaji wawili wamesimama katika chumba kimoja. Sakafuni kuna upanga mmoja tu. Wote wawili wanaandika "chukua upanga" na kubonyeza Enter karibu kwa pamoja. Mmoja anaupata, mwenzake anaambiwa hakuna kitu kama hicho hapa. Aliyeukosa huja kwangu na malalamiko: yeye ndiye aliyetangulia kubonyeza. Mara nyingi anasema kweli, na bado upanga si wake.

Ninaandika na kuendesha seva ya MUD, ile michezo ya wachezaji wengi ambayo haina picha hata moja, maandishi matupu. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha Richard Bartle akaiendeleza. Ilikuwa inatumia kompyuta ya DEC PDP-10. Seva yangu inatoka ukoo mwingine, wa DikuMUD, iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1991 ikiwa imeandikwa kwa lugha ya C. Kutoka huko ilizaliwa CircleMUD mwaka 1993, na msimbo wake ndio niliojifunzia. Nitakayoeleza hapa kuhusu mapigo na foleni yametoka humo. Mambo ya Kiswahili ni maumivu yangu mwenyewe.

Tuanze na baiti, vipande vidogo vya data, kila herufi kimoja. "chukua upanga" ni herufi kumi na mbili na nafasi moja, jumla baiti 13. Ukibonyeza Enter zinaongezeka mbili za kufunga mstari, yenye thamani 13 na yenye thamani 10. Kwa hiyo baiti 15 zinasafiri. Anayeanza kuandika seva hudhani zitafika zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu akijaribu kwenye mashine yake mwenyewe ndivyo inavyokuwa. Lakini TCP, kanuni zinazosafirisha data mtandaoni, haijui mstari ni nini. Inamimina baiti kwa mpangilio wake, basi. Leo utapokea "chukua up", baadaye kidogo "anga" na mwisho wa mstari. Kesho utapokea amri tatu zimeungana. Ndiyo maana kila mchezaji ana bafa yake: unachokipokea unakirundika humo, na hukigusi mpaka uone alama ya mwisho wa mstari. Kikibaki kipande, kinasubiri wenzake.

Kabla ya kuufanya mstari kuwa amri, lazima usafishwe. Kuna mtu amebonyeza kitufe cha kufuta, na programu yake imetuma ile baiti ya kufuta badala ya kufuta kweli, kwa hiyo seva inarudi nyuma yenyewe. Halafu kuna Telnet, itifaki ya zamani ambayo programu ya mchezaji na seva huzungumza kwayo, na ambayo ilinitesa wiki nzima.

Telnet, kwa jinsi ilivyowekewa kanuni mwaka 1983, inapitisha mazungumzo ya pembeni katika bomba lilelile la maneno ya mchezaji. Baiti 255 maana yake "sikiliza, hii si maandishi". Seva ikitaka nenosiri lisionekane kwenye skrini, inatuma 255, 251, 1, yaani "kuonyesha herufi niachie mimi", na programu ya mchezaji inaacha kuzionyesha. Nami nilitaka kujua upana wa dirisha la kila mtu ili nikate mistari vizuri, nikawa natuma 255, 253, 31. Majibu yalikuwa yanarudi, na mimi kwa uvivu nikaamua kutupa tu kila baiti isiyoweza kuchapishwa. Nilidhani nimemaliza.

Siku chache baadaye wachezaji wakaanza kulalamika kwamba majina yao yanakataliwa. Mmoja aliandika jina lake, seva ikamwambia hakuna mhusika wa jina hilo, na kwenye kumbukumbu nikaona jina limetanguliwa na herufi P. Mwingine lake lilianza na x ndogo. Nilitafuta P hiyo kila mahali kwenye msimbo wangu isionekane. Haikuwa kwenye msimbo. Jibu la upana wa dirisha huja hivi: 255, 250, 31, 0, 80, 0, 24, 255, 240. Dirisha la safu 80, mistari 24. Kichujio changu kilitupa zote isipokuwa moja, kwa sababu 80 katika ASCII, mfumo wa kuzipa herufi namba, ni herufi P. Yule wa x alikuwa na dirisha la safu 120. Tangu siku hiyo kazi ya Telnet inafanywa na kipande chake maalumu kinachosoma mazungumzo yale mwanzo hadi mwisho, na sitaki tena kusikia habari za kuchuja kwa kubahatisha.

Mstari ukishakuwa safi hautekelezwi papo hapo. Unaingia kwenye foleni ya mchezaji wake, na hapa ndipo kesi ya upanga inapoamuliwa.

Seva za ukoo huu zina mapigo, kama moyo. CircleMUD inapiga mara kumi kwa sekunde, kila milisekunde 100. Katika kila pigo inafanya mambo kwa utaratibu uleule: inapokea wageni wapya, inasoma kilichofika kwenye soketi zote (ncha za miunganisho ya wachezaji), inachukua amri moja tu kutoka foleni ya kila mchezaji na kuitekeleza, inatuma majibu, inaangalia kama kuna kazi za saa (raundi ya mapigano kila sekunde mbili, kwa mfano), kisha inalala mpaka pigo lijalo. Amri moja kwa kila mtu, hata kama ameibandika mistari mia mbili kwa mara moja. Wengine hawamsubiri yeye, anajisubiri mwenyewe.

Na kuna adhabu ya kusubiri. Ukimpiga mtu kikumbo, mhusika wako anawekewa idadi ya mapigo ambayo foleni yake haiguswi. Unaweza kuandika chochote, maneno yatapokelewa, ila yatakaa pale. Wachezaji wapya hudhani mtandao umekwama. Haujakwama, ni mkono wako ambao bado haujarudi kutoka kwenye kile kipigo.

Sasa rudi kwa Asha na Juma, tuwaite hivyo. Juma alibonyeza Enter milisekunde 40 kabla ya Asha, lakini mistari yote miwili imefika ndani ya pigo moja. Kwa seva, imefika pamoja. Nani anaanza? Anaanza aliye mbele kwenye orodha ya miunganisho, na katika CircleMUD muunganisho mpya hupachikwa mwanzoni mwa orodha. Kwa maneno mengine, aliyeingia mchezoni mwisho ndiye anayehudumiwa kwanza katika kila pigo. Asha ameingia dakika tano zilizopita, Juma yuko humo tangu asubuhi. Upanga ni wa Asha. Kuna wanaosema ni dhuluma na nimeombwa mara kadhaa niichanganye orodha kila pigo. Nimekataa, kwa sababu nikitafuta kasoro usiku nataka mambo yatokee kwa mpangilio uleule kila ninapoyarudia.

Mtu atauliza: kwa nini usihudumie kila mchezaji kwa uzi wake wa utekelezaji, wote kwa wakati mmoja? Nilifanya hivyo katika toleo langu la kwanza kabisa. Uzi wa Asha ukaangalia: upanga upo? Upo. Uzi wa Juma ukaangalia: upo? Upo. Kila mmoja akautia mfukoni. Upanga mmoja katika mifuko miwili, nao walifurahi mno, hadi mmoja alipoutupa chini na orodha ya vitu ikajikunja yenyewe kama nyoka aliyeuma mkia, seva ikazunguka humo bila kutoka. Ningeweza kuweka kufuli kila mahali, ili uzi mmoja usubiri mwingine umalize. Niliweka, nikapata nyuzi mbili zinazosubiriana milele. Nikarudi kwenye foleni na mapigo.

Hata kwa uzi mmoja, mitego haiishi. Seva inapopita kwenye orodha ya wanaopigana, kipigo cha mmoja kinaweza kumuua yule anayefuata kwenye orodha, na seva ikishika kielekezi (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta) cha maiti iliyokwisha kufutwa, inaanguka. CircleMUD inamweka "anayefuata" kwenye kigezo cha wazi kwa programu nzima, ili funksheni (kipande cha msimbo) ya kumtoa mtu vitani iweze kumsogeza mbele. Si msimbo wa kupendeza, lakini unafanya kazi.

Amri ya Asha imetoka kwenye foleni. Swali la kwanza si "amesema nini" bali "yuko wapi". Aliye kwenye hatua ya jina akiandika "kaskazini", hilo ni jina lake. Aliye kwenye nenosiri, hilo ni nenosiri. Anayeandika barua ndani ya mchezo, huo ni mstari wa barua. Ni aliye mchezoni tu ambaye mstari wake unapelekwa kwa mkalimani wa amri.

Mkalimani anachukua neno la kwanza na kulitafuta kwenye jedwali, kutoka juu kwenda chini, na anakubali kifupi: neno la kwanza katika jedwali linaloanza na herufi ulizoandika ndilo lako. Kwa Kiingereza mpango huu ni raha tupu, maana pande nne za dunia zina herufi nne tofauti, n, s, e, w, nazo zimewekwa juu kabisa. Kwa Kiswahili? Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Mbili za k, mbili za ma. Mchezaji anaandika pande hizi mamia ya mara kwa siku, huwezi kumlazimisha aandike "mag" kila hatua. Nilianza na kz, ks, ms, mg. Watu wakagombana kama ks ni kusini au kaskazini, na kila upande ulikuwa na hoja. Mwishowe nikatulia kwenye ka, ku, sh na gh, herufi zinazosikika ndani ya neno lenyewe. "Kaa" bado inafanya kazi kwa anayetaka kuketi, kwa sababu kaskazini haianzi na "kaa". "Shika" inahitaji herufi tatu, na hakuna aliyelalamika.

Mpangilio wa jedwali ni suala la usalama pia. "U" iwe "ua" au "uza"? Nimeweka "uza" juu: ukikosea, mwenye duka atakuambia huna cha kuuza, ingekuwa "ua", ungekuwa umemshambulia mlinzi wa lango. Na "toka", ambayo inakufunga mchezo, lazima iandikwe nzima, kama CircleMUD inavyodai kwa "quit", la sivyo anayetaka kutoa kitu kwa haraka angejikuta nje. (Ndiyo, kuna mtu alijaribu "ua ua". Neno la kwanza ni kitenzi, la pili ni kitu. Ua lilikufa.)

Kila safu ya jedwali ina masharti yake: cheo unachohitaji, na hali ya mwili. Huwezi kuchukua upanga ukiwa umelala. Mkalimani anakukatalia kabla funksheni haijaitwa. Yakitimia, maneno yaliyobaki yanakabidhiwa kwa funksheni ya "chukua". Inatafuta sakafuni kitu chenye neno "upanga", zikiwa panga tatu, "2.upanga" inamaanisha wa pili. Inapima uzito, inautoa sakafuni, inautia mfukoni. Hayo ni mambo ya kawaida.

Kutangaza kilichotokea ndiko kuna kazi. Sentensi moja inaonwa na macho tofauti: Asha anaona "Unachukua upanga", waliomo chumbani wanaona "Asha anachukua upanga", na asiyemwona Asha kwa sababu amejificha anaona "Mtu fulani anachukua upanga". DikuMUD ina alama za kujaza mapengo haya, na tatu kati yake zipo kwa ajili ya viwakilishi vya kiume na kike vya Kiingereza. Sisi hatuzihitaji, "a-" inatosha wote. Tulichohitaji hakikuwemo: ngeli. Upanga umeanguka, kisu kimeanguka, jiwe limeanguka, ngao imeanguka. Nimelazimika kumwongezea kila kitu duniani mwangu sehemu ya ngeli, na alama mpya inayochagua kiambishi. Aliyeunda vitu 300 bila kujaza sehemu hiyo alitupatia kwa mwezi mzima "jiwe imeanguka".

Maneno haya nayo hayatumwi moja kwa moja. Yanakaa kwenye bafa ya kutoka mpaka amri zote za pigo zimalizike, kisha yanatumwa kwa pamoja yakifuatwa na kidokezo chenye uhai na nguvu zako. Soketi ya mtu ikiwa nzito, kilichobaki kinangoja pigo lijalo badala ya kusimamisha dunia nzima kwa ajili yake.

Kisha foleni inafika kwa Juma, katika pigo lilelile. Funksheni ileile inatazama sakafu na haikuti kitu. "Huoni upanga wowote hapa." Seva inalala milisekunde zilizobaki, na Juma anaanza kuniandikia.