Kutembea kusiishie Siku ya Mazoezi

Kila ifikapo tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba huingia barabarani kuadhimisha Siku ya Mazoezi Kitaifa, na kwa wiki mbili tatu zinazofuata wananchi wengi hutufikia wakiuliza watembee umbali gani, wavae viatu gani na waamke saa ngapi. Yakianza masika, maswali hayo huwa yamekatika, na wengi wa waliouliza huwa wameshaacha kutembea. Sisi tunaoshughulika na maradhi yasiyoambukiza hatuna shaka na nia ya wananchi. Tunalotaka kulieleza ni namna ya kuivusha nia hiyo hadi miezi inayofuata, kwa sababu faida ya kutembea haiwekwi akiba. Tembezi moja huusaidia mwili kuitumia sukari ya damu kwa siku moja hadi tatu tu, na ndiyo maana mwenye kisukari hushauriwa asipitishe siku mbili mfululizo bila ya kutembea. Shinikizo la damu nalo, lililoteremka kwa matembezi, hupanda tena baada ya wiki chache za kukaa.

Kuhusu kiasi, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba kaswida. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano, au dakika 22 kila siku. Miongozo ya mwaka 2010 ilitaka kila tembezi lisipungue dakika 10 ndipo lihesabiwe, lakini sharti hilo limeondolewa, kwa hiyo hata dakika tano za kushuka kituo kimoja kabla ya kufika kazini zinahesabika. Pamoja na hayo, bado wananchi wanatuambia kwamba wameacha kutembea kwa sababu simu zao zimeonesha hatua 4,000 badala ya 10,000. Namba hiyo ya 10,000 ilienea kutoka Japani mwaka 1965, ilipotumika kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa madukani, na haikuwekwa na daktari yeyote kuwa mpaka kati ya afya na maradhi. Mtu aliyetoka hatua 2,000 akafika 4,000 amefanya kazi kubwa, na kumvunja moyo kwa namba ya dukani ni kumdhulumu.

Suala la kudumu lina utafiti wake. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na wakaona kwamba ilichukua wastani wa siku 66 jambo lifanyike lenyewe bila ya kujisukuma, wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Anayeanza tarehe 1 Januari akaacha mwishoni mwa mwezi, basi, ameacha kabla hata ya kufika nusu ya wastani huo. Utafiti huohuo ulionesha kwamba kukosa siku moja hakuharibu mazoea yanayojengeka, jambo tunalolisisitiza kwa sababu wengi hukosa Jumatano wakaona wiki nzima imeharibika.

Jambo jengine lililoonekana ni kwamba mazoea hushika yanapofungamanishwa na jambo ambalo mtu analifanya kila siku wakati uleule. Hapa kwetu hatuna haja ya kulitafuta mbali. Anayetoka msikitini baada ya swala ya alfajiri ameshaamka, ameshavaa na yuko nje, na kwa kuwa visiwa vyetu viko karibu na ikweta, wakati wa jua kuchomoza haubadiliki sana mwaka mzima. Badala ya kurudi kitandani, apite njia ndefu ya kurudi nyumbani. Kwa kinamama wengi, alasiri inafaa zaidi, na tumeona kwamba wanaodumu ni wale wanaotembea na jirani au wifi, kwa sababu anayesubiriwa mlangoni huona haya kubaki ndani. Buibui si kizuizi, ila pindo lisiburure, na ndara zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino. Pasipo njia ya waendao kwa miguu, tembeeni upande wa kulia muyaone magari yanayokuja. Siku ya mvua kubwa, dakika kumi za kwenda na kurudi barazani au ukumbini zinatosha kuulinda wakati wenyewe usichukuliwe na jambo jengine.

Wenye maradhi wanatakiwa kufuata utaratibu kabla ya kutoka. Mwenye shinikizo la damu apime akiwa ameketi na kupumzika dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishanishwa, mkono uko usawa wa moyo, na awe hakunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Apime mara mbili, kwa kuachanisha dakika moja. Kipimo kikiwa 180 kwa 110 au zaidi asitembee siku hiyo, bali aende kituo cha afya. Anayetumia insulini apime sukari, na ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L) ale kitu kwanza. Ikiwa chini ya 3.9, anywe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Akirudi nyumbani avue viatu na aangalie nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu lengelenge lisilouma ndilo linaloanzisha kidonda. Yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame papo hapo na atafute msaada, wala asijaribu kumaliza mzunguko.

Kuna makosa mawili ambayo hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni kuvaa majaketi ya plastiki juani ili kutoa jasho jingi: jasho ni maji, uzito unaopungua kwa njia hiyo hurudi kwa bilauri mbili, na mwili hupata joto la hatari. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuacha dawa kwa sababu presha imeteremka baada ya miezi miwili ya kutembea. Presha hiyo imeteremka kwa dawa na matembezi kwa pamoja, na mwenye mamlaka ya kupunguza dawa ni daktari baada ya kuona rekodi za vipimo. Tumelisema hili mara nyingi, na bado tunawapokea wagonjwa wa kiharusi waliofanya hivyo.

Mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuacha, bali wa kuhamisha wakati, na wengi huweza kutembea baada ya tarawehe bila ya taabu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari aje kituoni tangu mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuamkia mfungo, kwani kurekebisha dozi na saa ya kutembea huhitaji siku kadhaa za kupima na kurudi.