2,147,483,647: tulijuaje kwamba ni namba tasa?

Chukua 2 thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jibu ni 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647. Namba hii ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Watu wengi huulizia ukubwa wa namba za namna hii. Mimi napenda waulize pia zilithibitishwaje, maana huko ndiko uzuri wa hisabati uliko.

Njia ya shuleni ni kuigawa namba kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo hicho hapa ni karibu 46,341, na chini yake zimo namba tasa zaidi ya 4,700. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyetoa uthibitisho wake kwenye barua ya mwaka 1772, alipunguza kazi hiyo kwa hoja moja nzuri mno.

Tuseme namba tasa p inaigawa 2³¹ − 1. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa p hubaki 1. Mwanahisabati Fermat naye alikwisha kuonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 hubakiza 1 vilevile. Kwa kuwa 31 ni tasa, mambo haya mawili hayawezi kwenda pamoja mpaka 31 iwe kigawo cha p − 1. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa. Kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 62. Kanuni nyingine huonyesha kwamba p ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Ukiziunganisha kanuni hizi, p ikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63, basi. Idadi ya namba za kujaribu inashuka hadi 373, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo nazo unaziruka. Hakuna hata moja iliyogawanya.

Nasisitiza hoja hii kwa sababu umbo la namba peke yake, yaani 2 kwa kipeo fulani kutoa 1, halithibitishi kitu. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alidai mwaka 1644 kwamba 2⁶⁷ − 1 nayo ni tasa. Sivyo: ni 193,707,721 × 761,838,257,287.

Ukiizidisha namba yetu kwa 2³⁰ unapata namba kamilifu, yaani inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe.

Kwenye kompyuta, hii ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoingia katika biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) zenye alama ya chanya au hasi. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde kwa biti hizo tangu mwanzo wa 1970 itaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, hesabu itageuka kuwa hasi na mifumo hiyo itasoma mwaka 1901, kama haitakuwa imerekebishwa.